Hukuamka kama wale wa kwenye runinga

Mwenzangu Hawa,

Kusoma sijui, kuandika sijui, wajua hilo tangu mzee wetu alipotuoa sote wawili, kisha akafa akatuachia nyumba moja na ugomvi wetu. Mimi nasema, Rukia mjukuu wako anaandika. Nimemtaka yeye hasa. Alikataa. Nikamwambia, "Keti, shika kalamu." Ameketi, amenuna, anaandika.

Tangu uende, mto umefurika, umekula migomba yetu yote ya chini. Mbuzi wako mweupe kazaa mapacha, wote watukutu kama wewe. Runinga ipo, sijaiwasha. Nitaiwashia nani?

Wakumbuka ile tamthilia yetu ya hospitali? Mtu moyo umesimama, daktari mwenye ndevu za kuchongwa anamgusagusa kifua kama anayekanda chapati. Wanamtia vyuma vya umeme, anaruka kama kambare nchi kavu. Kisha anakohoa, anafungua macho, anamtafuta mchumba wake. Nawe ukasema, "Kafa, kafufuka, wanja wake haujatoka! Mimi nikifa nipakeni kwanza." Tulicheka hadi majirani wakatuuliza kuna nini.

Basi siku ile uani, tunapepeta mchele, ukaniambia, "Niletee maji." Nageuka, umeangukia ungo. Rukia alikuwa nyumbani, likizo ya kazi yake ya unesi. Alikuita, hukuitika, hukupumua. Akapiga magoti, akaweka mikono katikati ya kifua chako, akaminya. Hawa, alikuminya! Nilisikia ubavu ukilia kama ukuni mkavu. Nikampigia kelele, "Wamuumiza!" Hakuniangalia. "Ita gari, Nyanya!" Jasho lake likikudondokea usoni, akaminya hadi gari likaja, akaminya mkiwa ndani ya gari, hadi kituo cha afya wakampokea wenzake.

Nikangoja ukohoe. Hukukohoa.

Nilikuosha mimi. Mkono wangu ulipita kifuani, nikaona palivyovilia damu, nikausikia ubavu umeachana. Nikanyamaza. Aoshaye maiti aliyoyaona huyazika nayo, ndivyo tulivyofundishwa mimi na wewe. Mwanahamisi, aliyekuwa akinimiminia maji, hakuzika kitu. Kabla matanga hayajaanuliwa, Garsen nzima yasema mtoto kamvunja bibi yake, mtoto kamwua.

Naye Rukia akaamini. Akakunja sare yake akaitia sandukuni, akasema mikono yake haigusi tena mgonjwa.

Siku ya khitima yako, wanawake wamejaa, nikasimama. Nikasema, "Mwanahamisi, tulikuita umimine maji, si umbea." Mimi nami nikavunja ada, unisamehe, maana ilikwisha kuvunjwa na mdomo wake. Nikawaambia, kweli ubavu umevunjika, nimeugusa. Lakini Hawa alikuwa amekwisha kukata pumzi. Nimemwuliza Rukia, naye kaniambia moyo umo ndani, nyuma ya mfupa. Ukiminya kwa huruma damu haiendi popote. Mbavu huvunjika hata mikononi mwa madaktari wakubwa. Na wengi hawarudi, hata ukifanya yote sawasawa. Wanaorudi hawaamki wakimwita mchumba. Wengine hulala siku nyingi kwanza. Nikasema, "Nyinyi mliotaka abembelezwe, mngemwimbia!" Hata shangazi yako, yule asiyecheka, alificha uso kwenye leso.

Mwanahamisi amekuja jana na maziwa. Alisimama mlangoni muda mrefu. Nimempokea maziwa, yeye bado.

Hawa, mimi niliyepiga kelele siku ile sasa naiona ile mikono. Sote tulisimama tunalia. Mmoja tu ndiye aliyekataa kukuacha.

Sasa kaacha kuandika, analia. Lia, mwanangu, kisha uandike.

Nakuaga, mwenzangu. Mungu akupanulie kaburi, akutilie nuru. Ahadi yangu ni hii: Jumatatu nampandisha huyu pikipiki mwenyewe, arudi kazini, na sare yake nimeifua, iko kambani. Na nikianguka mimi, uani au shambani, nimemwambia asinionee haya, asisikilize kelele za mtu. Animinye vile vile alivyokuminya wewe. Nikirudi, nimerudi. Nisiporudi, nitakuja kwako na mbavu zangu zimevunjika, tulinganishe.

Andika hilo, Rukia. Lote.

Ni mimi, mke mwenzio.