Udongo wa Koko, Pembeni ya Ukuta

Tantine,

Mvua ilipokatika leo asubuhi nilifunga saluni, wateja wa Greyville wakabaki wananung'unika, nikapanda teksi mpaka Morningside, kwenye makaburi ya lile kanisa la zamani. Wewe, shangazi yangu, ndiye uliyenifundisha kwamba kaburi lisilo na msalaba hutafutwa baada ya mvua, maana udongo uliowahi kuchimbwa hudidimia na maji husimama pale.

Siku walipomzika Koko, mama yako, ulikuwa umelazwa hospitali, mgeni katika mji huu, na waliomzika walitawanyika kabla hujapona. Mtu mwingine angekubali yaishe. Wewe ulisema, "Mungu anajua mama iko wapi, lakini mimi mtoto wake sijui, na mimi ndiye nataka kujua."

Nakumbuka lile kaburi la kwanza tulilopata kuonyeshwa kwamba ni la Koko. Tulilifagia miaka, ukalia pale, ukamsimulia mambo yote ya ndoa yako. Halafu siku ya kupanda maua jembe likagonga kipande cha msalaba, tukasoma jina la mwanaume. Eish, Tantine. Mimi nilitaka kulia, wewe ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. "Huyu baba iko na uvumilivu. Tunamuita mama, anatusikiliza tu." Maua ukayapanda hapohapo. Ukaendelea kumfagilia, na kumtafuta Koko ukaanza upya, na magoti yale yanayouma. Sijaona mtu mwingine wa namna yako.

Ulipoishiwa nguvu uliniomba kitu kimoja: nikimpata, nikuletee udongo wake kwenye kaburi lako. Siku tulipokuzika nilikuja mikono mitupu.

Leo maji yalisimama chini kabisa, pembeni ya ukuta, pale walipofyeka vichaka. Mama mmoja wa parokia, anayepanga maua ya altare, aliniambia wageni wa zamani walizikwa upande ule. Lakini makaburi ni matatu, yamelala sambamba, na hakuna anayejua nani ni nani. Nilisimama kwenye matope, nimekasirika, nikakuuliza kwa sauti nifanye nini sasa. Yule mama alidhani naongea naye, maskini, akaniambia niende nyumbani nikabadilishe viatu.

Nilichota udongo wa yote matatu. Nikauchanganya kwenye mfuko mmoja, nikaja nao kwako, nikaumwaga upande wa kichwa na kuushindilia kwa kiganja. Mmoja wao ni mama yako. Wale wawili walitoka mbali kama yeye, na sijui kama kuna mtoto aliyewahi kuwatafuta.

Padri akikubali, nitaweka msalaba kwenye kila kaburi, na jina la Koko nitaliandika ukutani, juu yao wote. Wenzake wataniwia radhi.

Kwaheri, Tantine wangu. Usimtafute tena, uko naye.