Swichi ya Kushikwa kwa Kanga

Jumanne. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nane mchana, na sasa jua linachoma utadhani halina habari. Nimekaa barazani kwangu hapa Bagamoyo, vumbi la lipu bado limo kwenye kucha, na nimekasirika. Naandika kabla mume wangu, Baba Rukia, hajarudi kutoka shuleni anakofundisha. Akirudi nitasema, na nikisema kabla ya kuandika nitasema vibaya.

Nimekasirika kwa sababu ya boksi.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni fundi umeme. Simsaidii fundi, wala sijuijui umeme kama anavyonitambulisha baba mkwe kwa wageni wake. Nimeusomea, ninaufanya mwaka wa tisa huu, na ziko nyumba nyingi kati ya Kaole na Mapinga zinazowaka kwa mikono hii. Boksi ninalolisema ni kile kijisanduku kinachokaa ukutani nyuma ya swichi. Hakuna anayekitazama. Watu wakija dukani wanachagua rangi ya swichi, wanabishana nyeupe au ya maziwa, boksi wanachukua lolote. Na humo ndani ndimo nyaya zote zinakutana. Zikikosa nafasi zinabanana, zikibanana zinapata moto, na yanayofuata hata asiyesoma anayajua.

Sasa nieleze kisa chenyewe.

Baba mkwe, Mzee Shomari, alijenga kwenye kiwanja chenye mteremko. Badala ya kujaza kifusi kama wenzake, akaacha chumba chini ya nyumba. Yeye anakiita besimenti. Mtaa mzima unakiita handaki. Nisiwe mwongo, ni chumba kizuri. Pande tatu zimeshikwa na udongo, kwa hiyo hata joto la Februari haliingii, na mama mkwe amekifanya chumba chake cha mchana. Anadarizi kofia mle, zile za mkono, kitobo kimoja kimoja. Macho yake yameanza kuchoka. Kitambaa cheupe na uzi mweupe vinataka mwanga mkali, halafu baada ya saa moja mwanga uleule unamuumiza. Ndiyo maana shemeji yangu aliyeko Maskati alimtumia mama yake swichi mbili za kuzungusha. Ukizungusha huku taa inang'aa, ukirudisha inafifia. Zawadi ya mtoto anayemfikiria mama yake, sina neno nayo.

Lakini swichi hizo zina mgongo mnene kama kipande cha sabuni ya mche. Na baba mkwe alikuwa keshanunua maboksi.

Ya bati. Kina inchi moja. Yale membamba kuliko yote yanayouzwa mjini hapa.

Siku niliyoitwa kuzifunga nilisimama mle chini na futi mkononi nikajua kila kitu. Ukuta ule masika unatoa jasho mpaka unaweza kuandika jina lako kwa kidole, na hewa ya chumvi inaingia kwa ngazi. Bati pale ni chakula cha kutu. Na kina chake hakikutosha hata kwa swichi tupu, sembuse nyaya. Mwalimu wetu chuoni alitufundisha kipimo kisichohitaji futi. Swichi ikishakaa mahali pake, nyuma yake lazima ibaki nafasi ya kidole kulala, na kidole ni chako wewe fundi, si cha mtoto. Nilipima. Hata ukucha haukupita.

Nilijua pia dawa yake. Boksi la plastiki, lenye kina kirefu, la kufungwa juu ya ukuta badala ya kuchimbiwa ndani. Ukuta unaotoa jasho huutoboitoboi, unauacha na jasho lake. Baba mkwe alikuwa amekwisha kusema hataki maboksi ya nje, ati ukuta utaonekana una chunusi. Ni mzee wa mzaha, sote tulicheka.

Mimi nilicheka kuliko wote.

Maana mimi ni mkwe. Nimelelewa Mlingotini na bibi aliyenifundisha kwamba mke wa mtoto hamwambii baba mkwe kuwa kanunua kitu kibaya. Unamsalimu, unainamisha kichwa, ukiwa na neno unamtuma mume. Nikamtuma. Maneno yenyewe niliyapanga usiku mzima, kwa hiyo nayakumbuka. Nilimwambia Baba Rukia amwambie baba yake kwamba maboksi yale hayafai kwa swichi zile, nyaya zitabanwa na zitaungua, na mengine nitayatafuta mimi. Akaenda jioni baada ya sala. Akarudi na jibu kwamba baba kasema zitaingia tu, nibonyeze.

Zitaingia tu! Katika kazi yangu sijui maneno mawili yaliyoharibu nyumba nyingi zaidi ya hayo. Nilikaa na hasira yangu nikaosha vyombo.

Kisha nikaenda nikabonyeza. Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, kwa sababu ni rahisi kuandika kurasa mbili za kuwalaumu wengine. Hakuna aliyenishika mkono. Nilizikata nyaya fupi kuliko zinavyotakiwa. Nilizikunja, nikaziegemea kwa kiganja, nikakaza skrubu mpaka kifuniko kikakaa sawa na ukuta. Kwa nje pakapendeza. Baba mkwe akashuka, akazungusha taa juu na chini, akasema si unaona. Mimi nikasema ndiyo, baba.

Leo asubuhi nilipita kuwasalimu. Mama mkwe alikuwa juu, akanishika mkono akasema twende chini nikuoneshe kofia nilipoifikisha. Mvua inanyesha, kule chini giza. Alipofika kwenye swichi aliinua ncha ya kanga yake, akaiviringisha vidoleni, ndipo akazungusha. Alifanya bila kufikiri, kama mtu anavyoepua sufuria jikoni. Taa ikawaka. Na mimi nikasikia mvumo, kama nyuki kaingia kwenye kopo.

Nikamuuliza kwa nini anaishika kwa kanga.

"Ina moto kidogo, mwanangu," akasema. "Nimeshaizoea."

Tangu lini? Akahesabu kwa kofia, maana ndivyo anavyohesabu siku zake. Kofia mbili na nusu. Ni zaidi ya mwezi huo! Zaidi ya mwezi mzima mama wa watu anaishika swichi yangu kwa nguo. Nikamuuliza mbona hakuniambia, nipo mtaa wa pili, simu yangu anayo. Akapanga nyuzi zake kwenye kikapu, kisha akaniambia.

"Kazi umeifanya wewe. Ningesema, baba yako angesema mkwe wetu kumbe hajui kazi. Nikaona ninyamaze, nikusitiri."

Kunisitiri mimi.

Sikujua nilie au nipige kelele. Kikapu cha nyuzi na vitambaa kilikuwa chini ya swichi ileile, na swichi ileile ipo pembeni ya ngazi, na ngazi ni hiyo moja tu. Moto ungeanzia pale, huyu mama mwenye magoti mabovu angepitia wapi? Angekaa kule ndani na kofia yake, ananisitiri.

Nilipanda nikazima meni swichi ya nyumba nzima. Nikarudi na tochi na bisibisi. Kifuniko kilikuwa kimegeuka kahawia upande mmoja. Skrubu moja ilitoka, ya pili ilikatika kwa kutu. Nilipoivuta swichi, ngozi ya waya ilibaki imegandia kwenye bati, imeyeyuka, na shaba iko wazi. Harufu ile anayeijua anaijua. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili haikuwa imeungua bado, ilikuwa njiani.

Baba mkwe alishuka kuuliza nani amezima umeme, redio yake imekatika katikati ya taarifa ya habari. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na ile swichi mkononi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo adabu yangu ikaishia, Mungu anisamehe. Nilisimama nikamtazama usoni.

"Baba, maboksi haya hayafai. Nilijua siku ya kwanza, na nikayafunga hivyohivyo. Mama angeungua humu."

Aliitazama swichi muda mrefu. Akaipeleka puani, akanusa, akanirudishia. Kisha akauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikamwambia nilisema, nilimtuma mwanao. Akashangaa kweli, hakuigiza, namjua. Akasema alichoambiwa na mwanawe ni kwamba mkewe anapenda maboksi makubwa kidogo kwa sababu yatakuwa rahisi kwake kufanyia kazi. Yeye akadhani ninakwepa kazi ngumu, ndiyo akasema nibonyeze.

Rahisi kwake!

Nilimpigia simu Baba Rukia palepale kwenye ngazi, najua ni wakati wa vipindi, sikujali. Nilimuuliza alimwambia nini baba yake. Akaanza kuzunguka. Nikarudia swali. Ndipo akasema, kwa sauti ile ya upole ninayoipenda siku nyingine zote, kwamba alilainisha kidogo tu, asije baba akaona anafundishwa na mkwewe. Nikakata simu.

Alilainisha mpaka moto ukatoka ndani ya maneno ukaenda kukaa ukutani.

Nilipogeuka, baba mkwe bado amesimama pale, mkono mmoja kwenye kile kifuniko cha kahawia. Mama mkwe ameshika kikapu chake kifuani kama mtu anayehama. Kisha mzee akapanda ngazi mbili, akasimama, akasema bila kugeuka, "Weka hizo chunusi zako."

Sikucheka safari hii.

Nikaenda dukani mchana huohuo, mvua inanimwagikia. Kijana wa kaunta ananiona kila wiki, lakini nilipoomba boksi la plastiki la juu ya ukuta, lile lenye kina kirefu, akaniuliza fundi amesema nichukue lipi. Leo hakupata jibu zuri. Nilitoa swichi ile nzima kwenye mfuko, nikaitia kwenye boksi moja na vipande vya nyaya nilivyokuja navyo, palepale mbele ya wateja, nikapitisha kidole nyuma. La kwanza kidole kiligoma. La pili kikapita kwa kusuguliwa. La tatu kikalala. Nikachukua mawili ya namna hiyo, na skrubu zisizoshika kutu, nikaondoka. Ndivyo boksi linavyochaguliwa. Haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai, na ningeweza kufanya hivyo tangu siku ile ya kwanza.

Saa hizi mama mkwe amekaa juu, kwenye joto, hadarizi. Kofia iko kwenye kikapu imebaki nusu upande mmoja. Nilimwomba ile kanga nije nayo. Ncha yake ina alama nne za kahawia, ndogo, za vidole. Msiniulize kanga imeandikwa nini, sikusoma.

Nimejaribu kujiuliza nani wa kumkasirikia zaidi na kila nikifika kwa mtu namkuta ana adabu. Baba Rukia alikuwa na adabu kwa baba yake. Mama alikuwa na adabu kwangu. Mimi nilikuwa na adabu kwa kila mtu isipokuwa kwa kazi yangu, na kazi ndiyo pekee iliyokuwa inaweza kuua. Bibi yangu alinifundisha mengi mazuri, na sitaacha kuinamisha kichwa nikiwasalimu wakwe zangu. Ila kuhusu waya, kuanzia leo, situmi mtu.

Kesho saa mbili asubuhi naanza. Nitang'oa maboksi yale ya bati, niyazibe mashimo, nifunge chunusi mbili ukutani kwa Mzee Shomari, kubwa, zionekane kutoka kwenye ngazi.

Nimeingia ndani, ile swichi iliyoungua nimeiweka mezani, kwenye kisahani cha chai cha Baba Rukia, na kanga nimeikunja pembeni, ncha ya kahawia juu. Namsikia mlangoni anafuta matope kwenye viatu, taratibu, kama mtu anayepanga maneno. Asijisumbue kuyapanga. Leo hatutalainisha.