Kijita cha Mama

Kigera, Musoma, 2 Machi 2024

Shikamoo kaka Burito. Mwili wangu mzima, ila usingizi umenihama. Mama ameamkaje? Tangu mmtoe hospitali Bunda na ule ugonjwa wa kupooza, sijatulia. Bosi amekataa ruhusa, anasema karani mgeni hauguzi. Naogopa kumwomba tena. Ameanza kusema?
Mdogo wako, Matrida

Butiama, 4 Machi

Marahaba mdogo wangu. Tupo, tunajikongoja. Mama anasema, tena sana, ila Kiswahili kimefutika, na Kizanaki chetu pia. Miaka yote aliyoolewa hapa, leo nikimsalimia ananitazama kama mgeni. Kimebaki Kijita cha kwao. Unakumbuka baba alivyokuwaga anasema nyumba hii ina mdomo mmoja, Kijita kisisikike? Basi nani hapa anakijua? Wifi yako Selestina akimlisha uji, mama anapiga kelele na kumkwida nguo. Watu wa maombi wamesema ni mapepo, tumlaze chali atulie. Nimemrekodi kwa simu, nakutumia sauti yake. Sikiliza.
Kaka yako

Kigera, 7 Machi

Shikamoo kaka. Poleni na kuuguza. Sauti sijaifungua bado. Nilimpigia yule daktari wa Bunda. Anasema lugha zisizofanana kichwani ni kama nyumba mbili: ukiingia moja unafunga nyingine, na ugonjwa unaweza kubomoa moja tu. Ila lugha ndugu ni vyumba vya nyumba moja, milango wazi. Nikamuwaza jirani yangu mama Eufrasia. Ni Mkwaya, na Kikwaya na Kijita ni ndugu. Nitamwomba asikilize sauti ya mama, Mungu akinipa moyo.
Mdogo wako

Kigera, 9 Machi, mchana

Shikamoo kaka. Mama Eufrasia amesikiliza, mimi nimeziba masikio. Nilidhani atafikiri kwanza, kama ninavyofikiri mimi nikisoma Kiingereza cha ofisini. Hakufikiri. Alisimama sauti ikiendelea.
"Lafudhi ndiyo ya kule, maneno ni ya kwetu," akasema. "Mama yako ana pepo gani? Anasema niinueni, nikalisheni, uji unanipalia."
Kaka, msimlaze. Mkalisheni sasa hivi. Nimepiga, hupatikani.
Matrida

Butiama, 10 Machi

Mdogo wangu, simu iliisha chaji. Nimeiwasha nikupe habari, nikakuta ujumbe wako. Mama alitutoka jana asubuhi, wakati wa uji. Wifi yako alikuwa anamwambia meza mama, meza, kwa Kizanaki, kwa Kiswahili. Hajajua ulichoandika. Ukija msibani usimwambie. Ninazo sauti nyingine za mama. Nazifuta.
Kaka yako

Stendi ya Musoma, 10 Machi

Kaka, pole. Sote pole. Nipo njiani, bosi sijamuaga. Wifi sitamwambia. Ila sauti usifute. Nakuja na mama Eufrasia, azisikilize. Huenda zipo alizosema wakati hakuna uji, na hizo hatujui alikuwa anamwita nani.
Mdogo wako