Sauti ya Nne Kwenye Kanda

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mkolani hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Umeuliza ni nani yule wa nne anayeimba kwenye kanda yetu. Redio za watu binafsi zilipoanza, sisi watayarishaji watatu wazee wa muziki tuliunda bendi, tukarekodi kule Kirumba, mchana kweupe. Tuliposikiliza, tulimsikia Masanja, mwenzetu aliyezama ziwani, akiitikia maneno tuliyoyatunga baada ya kumzika.

Nikanyoosha mkono kuifuta. Magesa, mmoja wetu watatu, akanishika.

"Mwache. Tulimwahidi nafasi kwenye bendi kabla hajafa."

Tukamwacha. Mpaka leo wimbo huo ukipigwa mwili hunisisimka, lakini sijawahi kuuzima kabla hajamaliza.

Ubaki na amani,
Babu yako