Taa Aliyoiona Baba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na mvua za huko Bukoba? Na migomba ya nyuma ya nyumba, upepo uliibakiza? Sisi huku Mwanza ni wazima. Baba anakula vizuri, ingawa analalamika kwamba ndizi za sokoni hapa hazina ladha. Najua unashangaa kwa nini hajarudi na bandeji machoni kama tulivyopanga. Mama, hakupasuliwa, na kosa ni langu.

Unaikumbuka ile Toyota niliyojisifia kwako, iliyopitia Dubai. Siku hizi kila mwenye duka mjini anayo, nami sikutaka kuachwa nyuma. Tangu naichukua kulikuwa na kitaa cha rangi ya chungwa mbele ya dereva, chenye umbo la injini, hakizimiki. Fundi wangu pale Nyamagana alicheka. "Bosi, hizi za Dubai zote ziko hivyo. Kikikukera nakutolea balbu." Nikaendelea kuendesha.

Siku ya kumpeleka Baba ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kwa yule daktari wa mtoto wa jicho anayekuja mara chache, tuliondoka mapema. Nilimkalisha mbele. Hata hatujatoka mjini, akainama.

"Deo, naona kitu kinawaka hapo."

Mtu ambaye hata uso wangu haoni! Ningemwambia ni taa ya injini, angeniuliza kwa nini tunasafiri na gari linaloumwa. Unamjua. Nikaona aibu. "Pambo tu hilo, Baba. Wajapani ndio wameliweka. Halizimiki."

Alifurahi sana, Mama. "Basi macho yangu bado yana uhai," akasema, na njia nzima akawa analitazama na kutabasamu.

Tulipopita Buhongwa gari likaanza kukohoa, kisha likazima kabisa. Tukakaa juani mpaka lori moja likatuhurumia. Tulipovuka na kufika hospitali, daktari alikuwa ameshaondoka. Nilitamani Baba anigombeze. Badala yake alinipa pole mimi.

Fundi amebadilisha koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Kumbe ilikuwa mbovu siku zote hizo. Kitaa nacho kikazimika. Jumapili nikampakia Baba twende misa. Akainama, akatafuta, akapapasa dashibodi kwa mkono.

"Deo, ile taa siioni."

"Imezimika, Baba. Gari limetengenezwa."

"Ulisema haizimiki."

Nikamweleza yote, na uwongo wangu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega. "Usihangaike kunifariji, mwanangu. Macho yamekwenda."

Daktari anarudi mwezi ujao, lakini Baba hataki kusikia habari zake. Anasema kuna faida gani kupasua macho yaliyokufa, anataka nimrudishe nyumbani. Kila nikirudia ukweli, anatikisa kichwa na kunionea huruma. Inaniuma kuliko viboko.

Wewe anakuamini. Mwandikie, Mama, kwamba kilichozimika ni taa, si macho. Barua yako nitampa katekista jirani yetu amsomee, maana nikisoma mimi atadhani nimetunga.

Msalimie shangazi, na kaka anayehangaika na kahawa peke yake. Akiulizwa habari za gari langu, asilisifie.

Ni mimi mwanao, uliyenilea niseme kweli,

Deo