Machozi Yako Nayaonea Wivu

Mombasa,
Jumapili jioni

Mdogo wangu Kemunto,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini mguu wa Tata, baba yetu, umepata nafuu na majani chai yanachumika. Mimi nipo, si mzima sana, nitakueleza. Simu zangu hushiki, kwa hiyo nimeitia barua hii kwenye kifurushi cha Tata kinachokuja huko nyumbani Keumbu. Isome hata kama umenuna.

Nimesikia kwamba siku ya kujengea kaburi la Mama, wewe ndiwe utakayesimama kusema kwa niaba ya mabinti, na mimi nikae kwenye hema na wageni. Mimi, kifungua mimba! Sababu naijua. Siku ya mazishi sikutoa chozi.

Wewe ulilia, Kemunto. Ulianzia pale getini, machozi yakakutiririka hadi kidevuni, leso ya mama mdogo ikalowa chepechepe, na akina mama wote wa kanisa wakaja kukukumbatia. Nilisimama kando yako nikikuonea wivu, wivu wa kweli, mbele ya jeneza la mama yetu. Macho yalinichoma kana kwamba yameingiwa na mchanga, lakini tone halikutoka. Mdomo ulikauka hadi nikatafuna chingamu ili ulimi usigande. Mama mdogo akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Huyu wa Mombasa amekuja kutafuna chingamu kwa matanga ya mama yake. Hana uchungu huyu." Nawe ukanyamaza.

Ugonjwa wangu wa lupus mnaujua. Kila kilichoniuma nilikisukumia lupus: viungo, uchovu, hata macho. Mwezi uliopita daktari mpya alinichomeka kikaratasi chembamba kwenye kope la chini, akaniambia nifumbe macho. Machozi ya mtu hukilowesha. Changu kilitoka kikavu karibu chote.

"Dada, lupus mara nyingi haiji peke yake," akaniambia. "Mwili ukishaanza kujipiga wenyewe, unaweza kupiga na kwingine."

Kumbe wangu umezipiga tezi zinazotengeneza machozi na mate. Ugonjwa huo unaitwa Sjögren. Damu nayo ikaonyesha kwamba tezi ya shingoni haifanyi kazi sawasawa, ndiyo maana nanenepa na kusikia baridi katika Mombasa hii! Magonjwa matatu ndani ya mtu mmoja, dalili zao zimeingiliana, na lupus peke yake ndiyo iliyokuwa ikilaumiwa.

Sasa nina matone ya macho na vidonge vya kuongezea vile vya zamani. Yananipunguzia ule mwasho, lakini kulia bado siwezi. Nakuonea wivu hata unavyokula: unameza ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga bila kuomba maji, unachuma chai bila mwavuli kwenye jua ambalo lupus imeninyima, jioni unacheka. Unayo yote hayo, na bado unataka nafasi yangu. Hiyo sikupi.

Mama alikuwa akinipigia kila Sabato baada ya kanisa kuniuliza kama nimekula. Sabato ikifika sasa naishika simu tu, naiangalia. Usiniambie sina uchungu.

Siku hiyo nitasimama mbele na kusema, macho yangu makavu hivyo hivyo. Wewe simama ubavuni mwangu, unililie na machozi yangu. Watakuja kukukumbatia tena, najua, na wivu utanishika tena. Ushike mkono wangu tu wasije wakanipita.

Nisalimie Tata, umwambie avae soksi nilizomtumia. Wasalimie wanao, na jirani yetu anayetukamulia ng'ombe. Mama mdogo naye msalimie, ingawa moyo wangu kwake haujapoa, kisha umsomee pale pa kikaratasi cha daktari.

Ni mimi dada yako,
Moraa, binti mkubwa wa Mama.