Kwa Afande Aliyezifungua Barua za Wambui

Afande Njoroge,

Sikuulizi hali. Hali yako niliibeba mwenyewe begani, upande wa kushoto, mtu wa pili, kutoka kwa lami mpaka shimoni kwenu Kimuka. Ulikuwa mzito. Nikwambie ukweli, nilishukuru vile ulikuwa mzito, kwa sababu watu waliona jasho langu wakadhani ni machozi.

Ni miaka mitatu sasa. Mimi ni Kyalo, yule kuruta uliyemwita "Kyalo wa barua." Husemwa kwamba mtu akishakufa umsamehe. Mimi bado. Nakuandikia kwa meza ya mama yangu hapa Kitengela, mchana, nikiwa likizo. Jumatatu naripoti kambini kufundisha makuruta, kazi ile ile yako, na sitaki kuingia pale nikiwa bado nimekubeba.

Wewe ulimjua Wambui kwa mwandiko tu, basi nikwambie ni nani. Siku ya kuandikisha wanajeshi pale uwanjani Kajiado, yeye ndiye alinishikia viatu nikikimbia miguu mitupu. Wakati daktari alikuwa akihesabu meno yangu, Wambui alisimama nyuma ya kamba akinionyesha yake yote, kama punda, mpaka daktari akaniuliza nacheka nini. Alikuwa ameajiriwa kwa shamba la kuku huko Isinya, kuokota mayai na kuyapanga kwa trei. Nilipoingia kambini simu zilichukuliwa langoni, lakini tulikuwa tumeshapatana: kila Jumapili saa nane, yeye akitoka kanisani na mimi nikimaliza kufua, kila mtu anakaa chini anaandika. Hata barua ichelewe wiki mbili, saa nane ikifika najua ameinama juu ya karatasi. Hiyo ndiyo ilinivusha miezi ya kwanza, Afande. Si uji wenu.

Aliniandikia nini? Mambo ya bure kabisa. Jogoo amemrukia msimamizi. Punda wa muuza maji amelala katikati ya barabara, malori yamejipanga mpaka sokoni. Mama yake amesema huyo Mkamba akirudi na cheo atafikiriwa. Mara moja alikanyaga karatasi akauzungushia mguu wake kalamu, nijue saizi ya viatu nitakavyomnunulia na mshahara wa kwanza.

Huo mguu ndio ulianza nao. Kwa gwaride la asubuhi uliiinua ile karatasi juu, ukauliza kikosi kizima kama huyu ni msichana ama ni ndovu. Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ulinikaribia ukanipigia kelele sikioni, "Cheka, kuruta!" Kutoka hapo kila barua yangu ilipitia kidole chako kwanza. Ulizisoma na sauti ya kike. Pale alipoandika "nakuwaza sana" ulirudia mara tatu, ukitembea mbele yetu ukitingisha kiuno.

Hayo ningeyasahau. Kejeli ni kejeli, hata wengine walipata zao.

Lakini ile Jumamosi. Ulituita mbele watu wawili, mimi na Lekishon, kijana wa kule Kajiado, kwa sababu tulipata barua siku moja. Ukatupatia kalamu. Ukasema mwanajeshi hana mpenzi, na anayetaka kubaki kambini amwandikie msichana wake amemwacha, hapo hapo, wewe ukitaja maneno. "Nimepata mwingine. Usinisumbue tena." Lekishon akasimama wima akasema, "Hapana, Afande." Ulimbingirisha kwa matope mpaka akatapika. Ukamrudisha mbele ukamuuliza tena, matapishi yakiwa bado kidevuni. "Hapana, Afande."

Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Nilikuwa naweka sahihi.

Nilijiambia hutaituma, ni mchezo wako wa kututisha. Uliituma. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikakaa saa nane nikamweleza Wambui kila kitu, nikaandika nyingine Jumapili iliyofuata, nikakukabidhi kwa mikono miwili kama tulivyokuwa tunafanya na barua zote za kwenda. Nikangoja. Kila gunia la posta likifunguliwa niliangalia mdomo wako, na ulipita jina langu ukiita ya wengine. Nikajua amekasirika. Nikajua ameamini.

Halafu, wiki mbili kabla ya gwaride letu la kufuzu, ukaenda likizo nyumbani ukaanguka. Moyo, walisema. Wakatafuta makuruta wa huku kwetu wa kubeba jeneza, na mimi nikawa mmoja.

Baada ya maziko mjane wako aliniita kando. Mama mpole, sijui alikuvumilia vipi. Aliuliza, "Wewe ndiye Kyalo?" akanipa bahasha kubwa ya kaki. Alisema ameipata kwa begi lako, imeandikwa jina langu, akadhani ulikuwa unanitunzia. Kunitunzia! Kisha akaniangalia usoni akaniuliza kama ulitufundisha vizuri. Nikamwambia, "Vizuri sana, Mama." Huo uongo ni wa mwisho niliokufanyia.

Nilienda kufungua nyuma ya tangi la maji, watu wakiendelea kula. Ndani kulikuwa na zile mbili zangu, hazikuwahi kufika posta. Na tatu za Wambui, zote umezifungua. Ya kwanza ilikuwa matusi, na nilistahili. Ya pili alikuwa anauliza nimekosewa wapi. Ya tatu ilikuwa mistari minne. "Kyalo, hii barua si sauti yako. Niandikie hata neno moja. Hata kama ni hapana, niandikie wewe mwenyewe. Nitangoja mwezi mmoja."

Mwezi ulikuwa umeisha siku nyingi.

Za Lekishon hukuwahi kuzishika tena, hata moja. Hilo limenisumbua kuliko yote, mpaka nikaelewa. Yule ulimheshimu. Mimi ulikuwa umenimaliza, ukawa unachezea mabaki.

Nilipofuzu nilienda Isinya moja kwa moja na sare. Wambui alitoka kwa kuku na gambuti za mpira miguuni, akasimama langoni. Nikampa zote tano. Alizisoma polepole, akageuza kila bahasha akaangalia palipopasuliwa. Akasema, "Pole, Kyalo. Kwa hizi, pole." Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza, "Na ile nyingine? Alikushika mkono ukiandika?"

 Nilivua kofia pale langoni nikaiweka kwapani, mwanajeshi mzima. Akarudi kwa mayai yake.

Nilienda tena. Nikaenda mara ya tatu, nikakuta mbuzi wa ruracio, wa mahari yake, wamefungwa uani kwao, na mama yake akanikaribisha chai kwa huruma, ambayo nilikataa. Ameolewa na fundi wa mbao huko Kiserian. Ana mtoto. Lekishon naye alimwoa wake, na mimi ndiye nilisimama kando yake siku ya harusi. Nilivaa suti. Nilitabasamu kwa kila picha.

Kwa hivyo nakuchukia, Afande, na sioni haya. Nakuchukia kwa barua tano na kwa kuimba "nakuwaza sana" na kiuno chako. Ile ya sita, yenye sahihi yangu, sikusukumii. Hiyo nitaibeba mwenyewe.

Kuna jambo jingine, na ndilo limenikalisha hapa kwa meza. Jana kuku wa jirani waliingia jikoni, mama akaniambia niwafukuze. Nikapaza sauti. Mama alishtuka akamwaga chai kwa nguo, akaniangalia kama hanijui. Na hakuwa amekosea. Ilikuwa sauti yako, Afande, yote, mpaka ule mkwaruzo wa mwishoni.

Sasa nikuahidi. Hiyo sauti nitaitumia gwarideni, kwa sababu inafanya kazi, na sina nyingine. Lakini barua ya kuruta itatoka mkononi mwangu gundi ikiwa bado imeshika, na nikijiona nimeanza kuipapasa nitaomba nirudishwe kulinda mpaka.

Kwaheri. Kimuka sitakuja tena.

Koplo Kyalo